Mwalimu na Visiwa Visivyo Vyake

Watu wakiitaja Hawaii, na hapa Johannesburg huitaja wakiwa na maana ya likizo, mashati ya maua na vinywaji vyenye miavuli midogo, mimi namwona mzee mmoja Mzanzibari amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, anaponda magimbi. Nikimwona hivyo, kwanza mate hunijaa kinywani, halafu hasira. Nimejaribu miaka mingi kuvitenganisha hivyo viwili na nimeshindwa.

Tulimwita Mwalimu. Jina lake nililijua, maana barua zake mara nyingine zilisukumwa chini ya mlango wangu kwa makosa, lakini hakuna aliyelitumia. Tulikaa nyumba moja Bellevue, nyumba kubwa ya zamani iliyokatwakatwa vyumba kwa mbao. Mimi na binti yangu Furaha tulikuwa chumba cha mbele, yeye chumba cha nyuma kinachopakana na gereji. Mimi ni mtu wa Bukavu, nasuka nywele Hillbrow. Yeye alikuwa mlinzi kwenye jengo la ofisi huko Midrand siku tano za wiki, na Jumamosi alikuwa mwalimu. Ukimuuliza kazi yake alijibu "ualimu" bila kupepesa, na ile sare ya ulinzi iliyoanikwa mlangoni kwake aliizungumzia kama nguo ya mtu mwingine.

Sasa, Mzanzibari na Hawaii wapi na wapi? Alipokuwa kijana alikuwa mpishi kwenye meli ya mizigo. Karibu na Honolulu akaanguka ngazini akavunjika mguu vibaya, meli ikamshusha hospitali ikaenda zake. Alikaa huko miezi, hana ndugu, hana wa kumletea hata chungwa. Aliyemfanya mtu ni bibi mmoja mfagiaji wa wodi, mwenyeji wa visiwa. Bibi huyo alikuwa akiegemea fagio lake na kumsimulia, na Mwalimu alirudi duniani na mguu mfupi kidogo na visiwa vizima kichwani.

Akavimwaga kwetu. Nilijua habari za malkia wa mwisho wa Hawaii kabla sijajua jina la waziri yeyote wa nchi hii. Nilijua kwamba kasri yake iliwaka taa za umeme wakati Ikulu ya Marekani bado inahangaika na gesi. "Kama kwetu Unguja," Mwalimu aliongeza kila mara, kana kwamba yeye ndiye aliyevuta nyaya. Nilijua kwamba watu wa visiwa walikuwa na magazeti yao, kwa lugha yao, na kwamba vizee vya kijijini viliyasoma. Kisha wakaja wageni, wakapewa ardhi, wakapanda miwa, wakanona. Siku moja wakamwambia mwenye nyumba atoke, na askari wa Kimarekani wakashuka melini kusimama nyuma yao. Malkia akafungiwa chumba cha juu cha kasri yake mwenyewe, akawa anashona viraka vya hariri. Hapo Mwalimu alitutazama mmoja mmoja.

Jirani yetu wa Kimalawi aliwahi kumuuliza, "Kwani huyo malkia ni ndugu yako?"

"Kila aliyetolewa kwake ni ndugu yangu," akajibu, akachukua ndoo yake akaenda kuchota maji.

Lakini jambo lililomtoa machozi halikuwa malkia. Lilikuwa shule. Baada ya ufalme kuanguka, watoto wa Hawaii walifundishwa kwa Kiingereza tu, na aliyeteleza akasema neno la kwao alipigwa. Mama wa yule mfagiaji alizabwa makofi mpaka sikio likawa linavuma. Akaapa kwamba watoto wake hawatapigwa kwa sababu ya mdomo wake, akawalea kwa Kiingereza. Kwa hiyo yule bibi alizeeka anajua nyimbo za kwao bila kuzielewa. Alichozungumza ni kile Kiingereza cha mashamba ya miwa, kilichochanganyika na Kijapani, Kichina na Kireno, maana wafanyakazi waliletwa kutoka kila pembe. Mwalimu alikiiga vizuri sana. Alikiiga kwa mapenzi, akicheka peke yake, na akasema hajawahi kusikia mazungumzo matamu kama yale ya kuokoteza.

"Lugha haiuawi kwa bunduki, Mama Furaha," aliniambia. "Huuawa kwa aibu."

Niliyaamini maneno hayo. Nayaamini mpaka leo, na ndiyo sababu yananichoma.

Nizungumzie kwanza magimbi, kwa sababu bila magimbi hutaelewa nilivyonyamazishwa. Huko Hawaii gimbi ni chakula, lakini pia ni kaka. Wanasema lilizaliwa kabla ya mtu, likamlisha mtu, kwa hiyo ni kaka mkubwa, na mdogo hana budi kumheshimu. Mwalimu alinunua magimbi soko la Yeoville, akayachemsha, akayaponda mpaka yakawa uji mzito wa rangi ya majivu, akauacha siku mbili uchachuke kidogo. Aliula kwa vidole viwili. Mara ya kwanza nilidhani nakula gundi. Mara ya tatu nikaanza kuutamani.

Na uji huo ulikuwa na sheria: bakuli likiwa wazi, hakuna kugombana. Hakuna kusema jambo baya, hakuna kudai, hakuna kununa, kwa sababu kaka mkubwa amekaa nanyi na anasikia. Mkitaka kugombana, funikeni kwanza. Sheria nzuri sana. Nyumba yetu ilikuwa na bafu moja kwa watu kumi na mmoja, ugomvi ulikuwa haukauki, na mara nyingi nilimwona Mwalimu akitoka na bakuli lake, analiweka ukutani katikati ya makelele, anafunua kifuniko. Watu walicheka, wakachovya, yakaisha. Hata wale mafundi cherehani wa Kirundi, ndugu wawili ambao hawakuwa wakisemeshana, walichovya bakuli moja.

Midrand kulikuwa na jambo lake pia. Mwisho wa mwaka mmoja ofisi alizozilinda zilifanya sherehe ya "Hawaii", na wafanyakazi wakavaa sketi za plastiki zinazoiga majani na mashada ya plastiki shingoni. Wakataka na walinzi wavae. Mwalimu alitusimulia jinsi alivyolirudisha shada mkononi mwa meneja akamwambia kwamba kule visiwani shada hufungwa kwa maua mabichi, kwamba mwenye mimba hapewi lililofungwa mduara, na kwamba halitupwi jalalani hata likinyauka. Tulimpigia makofi. Baada ya miaka miwili mlinzi mwenzake, mtu wa Tanga, alimleta mke wake kusukwa saluni, akanionyesha picha kwenye simu. Mwalimu yuko katikati, shada la plastiki shingoni, sketi ya plastiki juu ya suruali ya sare, na mikono ameiinua kama anacheza. Sikucheka. Nilimwonea huruma, na nilifurahi pia, Mungu anisamehe.

Kufikia wakati huo nilikuwa nishaanza kumchukia.

Mimi nilitaka kitu kimoja tu. Mama yangu alikuwa Bukavu, amebaki peke yake, na Furaha ni mtoto wa hapa, amezaliwa hapa, hajawahi kumwona bibi yake. Mama hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji. Kila Jumapili tulipiga simu, na nikawa nakaa katikati yao kama daraja, huyu anasema, nageuza, yule anajibu, nageuza. Nilitaka siku moja waongee wenyewe, nami niende jikoni nikapike.

Kwa hiyo Furaha alipofika miaka sita nilimpeleka kwenye gereji ya Mwalimu. Alikuwa ameiga zile shule ndogo ambazo wazazi wa Hawaii walizianzisha wenyewe lugha ilipokuwa inakata roho, wakawakusanya watoto wadogo na wazee wachache waliobaki, na ndani hakuna kusema lugha nyingine. Alichokipenda zaidi ni mlango wao. Huko watoto hawaingii tu darasani. Wanasimama nje, wanaimba kuomba ruhusa, wanasema ni akina nani na wamekuja na nini, na mwenye nyumba anawajibu kwa wimbo kutoka ndani. "Ni hodi yetu hii hii!" Mwalimu alisema, na macho yakamng'aa. Akatunga wimbo wa Kiswahili. Kila Jumamosi saa tatu watoto kumi na tano, wa Kongo, wa Burundi, wa Tanga, wa Mombasa, walijipanga mbele ya gereji wakaimba hodi, naye ndani akaimba karibu. Wapita njia walisimama kusikiliza. Nami nilisimama pale na taulo la saluni begani nikalia bila haya.

Na mwanzoni ilifaa. Baada ya miezi minne Furaha alishika simu mwenyewe. Mama akamsimulia hadithi ya sungura na mamba wa mto Ruzizi, akacheka, akaisimulia tena. Nilikwenda jikoni. Nilisimama tu pale, sikupika chochote, nikasikiliza sauti mbili.

Jumamosi iliyofuata, Julai, baridi ya kuuma masikio, watoto waliimba hodi. Mwalimu akauliza, kama desturi, kila mmoja amekuja na nini. Furaha akasema amekuja na hadithi. Akaanza kuisimulia mlangoni jinsi alivyoipokea, kwa Kiswahili cha bibi yake, Kiswahili cha Bukavu, ambacho ndicho mama yangu alichonifundisha kuomba maziwa.

Mwalimu akamkatiza. Akasema, "Hicho si Kiswahili, ni takataka. Nenda ukakitafute Kiswahili, ukikipata uje upige hodi."

Watoto wakacheka. Wengine walikuwa Wakongo kama yeye, na ndio waliocheka sana. Furaha akarudi nyuma, akajaribu tena, akarudishwa tena. Mara ya tatu hakujaribu. Haya nilisimuliwa na watoto wenzake. Niliporudi saa sita kumchukua nilimkuta ameketi kwenye sementi, mlango umefungwa, ndani wanaimba. Midomo yake ilikuwa imekauka nyeupe. Hakulia. Laiti angelia.

Alasiri ile nilikwenda chumbani kwa Mwalimu na maneno yangu yamepangwa. Nilitaka kumwambia kwamba kuna mtoto alizabwa makofi huko Hawaii mpaka sikio likavuma, na kwamba leo aliyezaba ni yeye. Nilitaka kumuuliza kwa nini vijineno vya kuokoteza vya yule mfagiaji vilikuwa asali na vyetu takataka. Nilipiga hodi, nikaingia.

Alikuwa amekaa juu ya ndoo yake. Alinitazama usoni, akanyoosha mkono, akafunua kifuniko.

"Mama Furaha," akasema kwa upole, "bakuli liko wazi."

Mtu wa Hawaii angefunika tu lile bakuli akasema lake. Mimi nimelelewa na watu wanaosema mkubwa akikukaribisha chakula huanzi kwa matusi. Nilikaa. Akanisogezea. Nilichovya vidole viwili nikala, na akanisimulia habari za mvua za Honolulu, na nikaitikia. Hilo ndilo siwezi kujisamehe: nilikula. Nilipotoka mlangoni kwake maneno yalikuwa yote yamo tumboni, na kila nilipomwendea tena, wiki ile na zilizofuata, kifuniko kilikuwa pembeni. Sijui alijua anachofanya au la. Nadhani alijua.

Nyani haoni kundule. Wajukuu zake mwenyewe, watoto wa binti yake aliyeolewa Pretoria, walikuja kumtembelea mara moja. Walimwita Mkhulu, ndiyo babu kwa Kizulu, wakaongea naye Kizulu na Kiingereza, naye akawajibu kwa Kizulu kitamu kabisa, akawapeleka kwenye kiduka cha mtaani, spaza, akawanunulia chipsi na soda. Hakuna aliyesimamishwa mlangoni. Nilikuwa naanika nguo uani, nikaona yote.

Furaha hakurudi gereji. Jumapili ile alishika simu, akasema "Hello", akanirudishia. Jumapili ya pili akajifungia chooni.

"Juu ya nini mutoto hanisemeshake tena?" mama akaniuliza. "Iko na kasirani na mie?"

"Apana, Mama. Iko na mitihani."

Mtoto wa miaka sita, mitihani! Miaka saba nilimdanganya mama yangu hivyo: mitihani, koo, usingizi, rafiki amekuja. Nilimbembeleza Furaha, nikamfokea, nikamnyima televisheni. Ningali naziona zile nyusi zake. Alikuwa akinisikiliza mpaka mwisho kisha ananijibu kwa Kiingereza, kwa adabu. Aibu ikishamwingia mtoto haitoki kwa kufokewa.

Nami nikafanya jambo ambalo mpaka leo sijalielewa vizuri. Mwalimu alikuwa na darasa la kina mama siku za Jumatano jioni. Nikajiunga. Nilijifunza kwa chuki, ili asitokee tena mtu wa kunirudisha mlangoni, na nilikuwa mwanafunzi wake bora. Aliniazima vitabu vyake vyote. Kiswahili hiki ninachoandikia ni chake, sentensi kwa sentensi, na nikikisoma namsikia akikohoa nyuma yangu. Alikuwa mwalimu mzuri. Wapo watoto wanne watano wa gereji ile wanaozungumza na babu zao leo bila daraja, na siwezi kumnyang'anya hilo.

Mama alipolala hoi, jirani alimshikia simu sikioni. Akaomba sauti ya mjukuu. Furaha alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alichukua simu kwa mikono miwili, akasema kwa Kiingereza kwamba anampenda. Nikasikia mama akiuliza kwa mbali, "Anasemaje? Anasemaje?" Nikaichukua simu nikageuza. Nilikuwa katikati yao mpaka mwisho. Alikufa Alhamisi ile.

Gereji ilivunjwa, nyumba ikauzwa, tukatawanyika. Sikumwona Mwalimu kwa miaka minane.

Mwaka jana nilikwenda Yeoville kununua dagaa. Furaha alinipeleka kwa gari lake dogo, alikuwa ametimiza miaka ishirini na moja, anafanya kazi ofisini Midrand. Nilikuwa nabishana na muuzaji bei, nikasikia nyuma yangu, "Mama Furaha." Alikuwa ameketi kiti cha plastiki kwenye kibanda cha vitambaa, amekonda, macho yana ukungu. Alinijua kwa sauti.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Huyo ndiye?"

"Ndiye."

Akamsemesha kwa Kiswahili, taratibu, kwa kirefu. Furaha akatabasamu lile tabasamu la kuwapa wazee, akasema samahani, hajaelewa. Mwalimu akanitazama, nadhani alisubiri nigeuze. Sikugeuza. Basi akasema mwenyewe kwa Kiingereza, Kiingereza safi cha melini, kwamba zamani kulikuwa na mtoto aliyefika mlangoni kwake na hadithi ya bibi yake, akamfukuza, na kwamba haupiti mwezi asimkumbuke. Akamwomba msamaha.

Furaha alinitazama, akamtazama yeye. "Eish, it's fine, Mkhulu," akasema. "Kusema kweli sikumbuki." Akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, kwa heshima, kama nilivyomlea. Mzee alilia. Kisha akanigeukia mimi, uso umemlegea kwa raha.

"Amenisamehe," akasema.

"Amekusamehe kwa sababu hajui kile ulimunyanganya."

"Na wewe, mama?"

Nilimjibu kwa Kiswahili cha kwetu, makusudi, nikaona anavyokisikiliza bila kupumua. "Ule wa kukusamehe iko mu udongo Bukavu, Mwalimu. Wende umuombe kule. Na umuombe mu Kiswahili yake."

Nikachukua dagaa zangu nikaondoka. Nilidhani nimeshinda. Mpaka garini nilijihisi mwepesi, kama mtu aliyetapika.

Kwenye taa nyekundu ya barabarani, robot kama wanavyoiita hapa, Furaha akanigeukia, akaniuliza kwa Kiingereza mbona nalia, na yule mzee alimfanyia nini. Nikaanza kumweleza. Nilianza na simu za Jumapili, na bibi yake, na sungura, na jinsi nilivyosimama jikoni. Kiswahili cha njoo, kula, funga mlango anakielewa. Hiki kilimpita. Alikunja nyusi, akajitahidi, akanishika goti akasema niseme kwa Kiingereza.

Kiingereza changu ni cha saluni. Kinajua nywele, bei, na habari za watoto wa wateja. Nilifungua mdomo nikatafuta ndani yake neno la kuanzia na sikulipata. Nyuma yetu wakaanza kupiga honi. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba ni mzee tu aliyekuwa jirani yetu, akaondoa gari.